Msafiri na Sanduku la Kura

Mapema usiku wa Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, Alexandr Stoianoglo alikuwa mbele. Moldova, nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraine, ilikuwa ikihesabu kura za duru ya pili ya uchaguzi wa rais, na masanduku ya ndani ya nchi yalimpa mwanasheria huyo, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka mkuu, ushindi mwembamba. Kisha zikaanza kuingia kura za nje: kutoka Italia, Ujerumani, Uingereza na Ufaransa, huko ambako Wamoldova hulea wazee wa watu, hujenga nyumba za watu na kuendesha malori ya watu. Zilikuwa zaidi ya 327,000, karibu moja katika kila kura tano zilizopigwa, na zaidi ya asilimia 82 kati yake zilimwendea Maia Sandu, rais aliyekuwa madarakani. Hesabu ilipofungwa, Sandu alikuwa na asilimia 55. Ukiziondoa kura za nje, alikuwa ameshindwa.

Majuma mawili kabla ya hapo, kura ya maoni ya kuandika ndani ya katiba shabaha ya kujiunga na Umoja wa Ulaya ilikuwa imepita kwa tofauti isiyofika kura 11,000. Hapo pia walio nje ndio walioinamisha mizani.

Waliokuwa upande wa Stoianoglo hawakuhitaji kusoma falsafa ili waulize swali la kifalsafa. Bibi aliyebaki kijijini, anayelipa gesi kwa bei mpya na kusikia vita vya jirani yake kwenye redio, kwa nini aamuliwe na mpwa wake aliye Milano? Na mpwa naye ana lake la kusema. Aliondoka kwa sababu nchi iliendeshwa vibaya hata ikamshinda kuishi. Iweje kule kuondoka kuwe adhabu ya pili, ya kunyimwa sauti ya kuirekebisha?

Chini ya mabishano hayo limelala swali la zamani: wananchi ni akina nani? Uchaguzi wenyewe hauwezi kulijibu. Kabla kura ya kwanza haijapigwa, ni lazima mtu fulani awe ameshaamua nani aandikwe kwenye daftari na nani aachwe, na uamuzi huo haukupigiwa kura na wote wanaohusika, kwa kuwa hao wanaohusika ndio hasa wanaotafutwa.

Pwani ya Afrika Mashariki imelijua swali hili kwa karne nyingi, ila huko lilikuwa likiulizwa msikitini. Jahazi lililoshuka na kaskazi kutoka Hadhramaut, Oman au Ghuba halikuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma. Nahodha, mabaharia na wafanyabiashara walikaa Lamu, Mombasa au Unguja kwa miezi. Walipanga nyumba, wakauza tende na kununua boriti, wengine wakaoa. Je, hao ni wasafiri, walioruhusiwa kufupisha sala za rakaa nne ziwe mbili, au wameshakuwa wakaazi?

Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yanajibu kwa hesabu. Anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena. Asali sala zake timamu. Lakini ikifika Ijumaa, wanazuoni hao hao wanaongeza daraja la tatu. Sala ya Ijumaa kwao haisihi mpaka wapatikane wanaume arubaini, na arubaini hao wawe mustautini, watu walioweka maskani ya kudumu pale pale, wasiohama kiangazi wala kipupwe ila kwa haja. Yule mfanyabiashara anayengoja upepo, aliyekaa miezi mitatu na moyo wake uko kwao, analazimika kuhudhuria. Akikosa bila udhuru anapata dhambi. Lakini katika arubaini hahesabiwi. Mji wenye wenyeji thelathini na tisa, pamoja na yeye, bado haujatimia.

Ibadhi, madhehebu ya Waomani, wanaliona jambo hili vingine. Kwao mgeni huendelea kufupisha sala hata akikaa miaka, maadamu hajaifanya nchi ile kuwa kwao. Si wingi wa siku unaomgeuza mtu kuwa mkaazi, bali nia yake. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe waliweza kuishi majirani wawili waliofika kwa jahazi moja, mmoja akisali rakaa nne na mwenzake mbili, na kila mmoja ana ushahidi wake.

Mfano huu usivutwe kupita urefu wake. Sala ni ya mja na Mola wake, na sharti la arubaini halikuwekwa ili watu wagawane madaraka. Lakini wanazuoni hao waliona jambo ambalo sheria nyingi za uchaguzi hazilioni: kwamba kuwajibika ni kitu kimoja na kuhesabiwa ni kitu kingine, na mtu anaweza kuwa na hiki bila kile. Waliona pia kwamba watu si wa aina mbili tu, mwenyeji na mgeni. Yupo wa tatu, anayekaa huku nia yake ikiwa ni kurudi, na huyo ndiye mgumu kumtolea hukumu. Wengi wa wanaopigiwa kelele leo katika mijadala ya kura ya ughaibuni ni watu wa daraja hilo la tatu.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kura ya walio nje imejengwa juu ya kuwajibika. Mizizi yake iko Athene. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Kritoni, Sokrate yuko gerezani akingoja kunywa sumu, na rafiki yake anamshawishi atoroke. Sokrate anazipa Sheria za mji nafasi ya kusema, nazo zinamkumbusha kwamba mlango ulikuwa wazi siku zote: asiyeridhika nazo angeweza kuchukua mali yake na kwenda anakotaka. Aliyebaki ndiye aliyekubali. Makazi, basi, ndiyo sahihi ya mkataba. Zaidi ya miaka 2,300 baadaye, mwaka 2005, mwanafalsafa Claudio López-Guerra aliigeuza hoja hiyo ielekee kwa walioondoka: mtu aliyehamia nchi nyingine moja kwa moja hatawaliwi tena na sheria za nchi aliyoiacha, na asiyetawaliwa na sheria hana haki ya kuwatungia wengine. Waswahili walishalisema hilo kwa maneno machache zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ni hoja ya haki, na anayeipuuza anawadharau waliobaki. Anayechagua serikali kutoka Toronto hatapanga foleni katika hospitali itakayokosa dawa. Akikosea, makosa yake yataliwa na wengine.

Hata hivyo hoja hiyo ina mtego, na aliyeuingia mapema ni Jean-Jacques Rousseau. Mwaka 1762 aliandika kwamba nchi ikishasimama, ridhaa ya mtu hujulikana kwa kuishi kwake ndani yake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ughaibuni. Alizaliwa Geneva, akaiacha akiwa kijana wa miaka 15, akapoteza uraia alipobadili dini, akarudishiwa mwaka 1754, na kitabu chake juu ya mkataba wa jamii akakitia sahihi kama raia wa Geneva huku akiishi Ufaransa. Watawala wa Geneva walikichoma kitabu hicho moto mwaka ule ule kilipotoka, na mwaka uliofuata Rousseau akaukana uraia wake. Kwa kipimo chake mwenyewe hakuwa na neno juu ya Geneva. Hata hivyo Geneva ilimhofu kuliko wengi waliokuwa wakilala ndani ya kuta zake, na uamuzi wa kukichoma kitabu ulimgusa yeye kuliko yeyote kati yao. Sheria za nyumbani zilimfuata huko huko alikokuwa.

Mwanafalsafa wa Austria Rainer Bauböck amejaribu kuutegua mtego huo kwa kuuliza swali jingine. Badala ya kuuliza mtu anaishi wapi, anauliza kama maisha yake yamefungamana na mustakabali wa nchi ile kiasi kwamba ikizama naye anazama. Kipimo hicho ni kizuri, ingawa hakina rula. Kila aliye nje atasema maisha yake yamefungamana na kwao. Moyo haupimwi kwa fomu.

Ndiyo maana nchi nyingi zimekimbilia kalenda, kama walivyofanya Shafii. Uingereza mwaka 1985 iliwaruhusu walio nje kupiga kura kwa miaka 5 tangu kuondoka. Ikapandisha hadi 20, kisha ikashusha hadi 15. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mapenzi ya nchi yafe mwaka wa kumi na tano na si wa kumi na sita. Harry Shindler, askari aliyepigana Anzio mwaka 1944 na kuhamia Italia mwaka 1982, alipoteza kura yake kwa hesabu hiyo. Alikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashindwa mwaka 2013. Mwaka 2016 Waingereza waliamua kutoka Umoja wa Ulaya, uamuzi uliogusa makazi, matibabu na pensheni yake pale Italia, na yeye hakuwa na neno. Bunge lilipitisha sheria ya kufuta kikomo hicho mwaka 2022. Shindler alifariki Februari 2023 akiwa na miaka 101, na sheria ikaanza kutumika Januari 2024. Kanada nayo ilikuwa na kikomo cha miaka 5, ambacho Mahakama yake ya Juu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba mwaka 2019.

Ipo hoja nyingine, inayotolewa kwa sauti kubwa kila kongamano la diaspora linapoitishwa: tunatuma fedha, kwa hiyo tupewe kura. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, kiasi kinachozidi mapato ya chai ya nchi nzima. Fedha hizo zimelipa karo, zimeezeka nyumba, zimezika wazazi, na anayezituma mara nyingi amejinyima ili zifike. Zinastahili heshima. Lakini kama fedha ndiyo inayozaa kura, basi mama mkulima wa Kitui asiyetuma chochote popote atabaki na kura nyepesi kuliko ya mwanawe, na tajiri wa Nairobi ataidai yake iwe nzito kuliko za mtaa mzima. Dunia ilishapitia huko. Zanzibar yenyewe, katika uchaguzi wake wa kwanza wa mwaka 1957, ilimtaka mpiga kura awe na mali, kipato au elimu ya kiwango fulani, na iliwaacha wanawake wote nje. Anayedai kura kwa risiti ya benki anafufua kitu ambacho babu zake walikipigania kizikwe.

Damu nayo haitoshi. Mwaka 1995 Croatia ya Franjo Tuđman ilitenga viti 12 bungeni kwa ajili ya Wakroatia walio nje, na chama chake kikavichukua vyote. Wapiga kura wengi walikuwa Wakroatia wa Bosnia na Herzegovina, wengine wao hawajawahi kuishi Croatia hata siku moja. Viti hivyo baadaye vilipunguzwa hadi 3.

Basi kipimo kiko wapi? Kinapatikana kwa kurudi kwa yule mfanyabiashara aliyekaa msikitini akingoja kusi. Katika mji alioufikia alilazimika na hakuhesabiwa. Hilo halikuwa dhuluma kwa sababu alikuwa na kwao, mji ambao yeye ni mmoja wa arubaini wake. Dhuluma ingekuwepo kama huko kwao nako wangemwambia: umeondoka, huhesabiki. Hapo angekuwa mtu anayelazimika kila mahali na asiyehesabiwa mahali popote.

Msichana wa Kilifi anayefanya kazi za nyumbani Riyadh yuko katika hali hiyo hasa. Saudi Arabia haitampa uraia hata akiitumikia miaka ishirini. Hakuja kuhamia, amekuja kwa mkataba, kwa kawaida wa miaka miwili. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwake yeye ngamani ni Kilifi. Je, sheria za Kenya hazimtawali? Ni Nairobi inayotoa leseni kwa wakala aliyempeleka. Ni Nairobi inayokaa mezani na Riyadh kuzungumzia mshahara wake wa chini. Ni ubalozi wa Kenya utakaompokea akitoroka kipigo, au utakaoshughulikia kurudishwa kwa maiti yake. Mwaka 2021 serikali ya Kenya iliwaeleza wabunge kwamba zaidi ya Wakenya 80, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa miaka michache tu. Kwa mtu wa aina hii, hoja ya López-Guerra inageuka na kuwa hoja ya kumpa kura. Anatawaliwa na serikali ya kwao kwa ukaribu kuliko wengi walioko Kenya, maana uzembe wa ofisa mmoja unaweza kumgharimu uhai.

Sasa mtazame Mkenya aliyeko Kanada miaka thelathini, aliyeapa kuwa raia wa Kanada, anayewachagua wabunge wa Ottawa na ambaye watoto wake hawajui lugha ya nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, na huo ni ukarimu mwema. Lakini yeye ameshahesabiwa. Akihesabiwa na Kenya pia, anahesabiwa mara mbili. Asipohesabiwa, bado ana mahali pa kusimama. Madai yake si batili, ila ni mepesi kuliko ya yule msichana, na nchi yenye rasilimali chache za kufungua vituo ingepaswa kuanza na mwenye madai mazito.

Zipo nchi zilizothubutu kupima uzito huo waziwazi. Cabo Verde, visiwa vya Atlantiki ambavyo wana wao walio nje husemwa kuwa wengi kuliko waliobaki, ina kifungu cha katiba kinachosema kwamba katika uchaguzi wa rais kura zote za nje, zikiwekwa pamoja, hazitazidi moja ya tano ya kura zilizopigwa ndani. Zikizidi, hupunguzwa kwa uwiano. Hata hivyo sauti hiyo iliyowekewa kikomo ilitosha. Mwaka 2001 Pedro Pires alimshinda Carlos Veiga kwa kura zisizofika 20. Walipokutana tena mwaka 2006, Veiga aliongoza kidogo visiwani, na kura za nje zikampa Pires ushindi kwa karibu asilimia 51. Nchi haikuvunjika. Kikomo kilikuwa kimeandikwa kabla ya uchaguzi, kila mtu akikijua, na aliyeshindwa alikuwa amekikubali alipoingia uwanjani.

Italia ilichukua njia nyingine, ya kuwatengea walio nje viti vyao. Mirko Tremaglia, mwanasiasa wa mrengo wa kulia, aliipigania haki hiyo kwa miongo mingi, na sheria ilipopita Desemba 2001 alikuwa waziri katika serikali ya Silvio Berlusconi. Viti vilikuwa 12 bungeni na 6 katika Seneti. Vilipopigiwa kura kwa mara ya kwanza mwaka 2006, maseneta 4 kati ya wale 6 walikuwa wa upande wa Romano Prodi. Bila hao, Berlusconi angebaki na wingi mdogo katika Seneti. Kwa sababu yao alikwenda nyumbani. Wanasiasa wa Afrika Mashariki wanaohesabu mapema kura za diaspora zitamwendea nani wangefanya vyema kukisoma kisa hicho. Na wale wanaodhani diaspora ya nchi huwa na rangi moja siku zote waitazame Romania. Mwaka 2009 kura za nje zilimpa Traian Băsescu urais uliokuwa umeshasherehekewa na Mircea Geoană. Mwaka 2025 walio nje wengi walimchagua George Simion, na nchi ikamchagua Nicușor Dan.

Moldova ina doa moja ambalo hata anayefurahia matokeo yake hawezi kulifuta. Ilifungua vituo zaidi ya 200 nje ya nchi, na ndani ya Urusi, yenye Wamoldova wengi sana, vikawa viwili tu, vyote Moscow. Serikali ilitaja usalama, na hofu yake ya kuingiliwa na Urusi haikuwa ya kubuni. Lakini anayechagua vituo vikae wapi amechagua pia, kwa kiasi fulani, kura zitoke wapi.

Jambo hilo hilo, kwa sura ya upole zaidi, linaonekana Kenya. Ibara ya 82 ya Katiba inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuwaandikisha raia walio nje hatua kwa hatua, na hayo maneno matatu ya mwisho yamebeba mzigo wote. Kundi la raia lilikwenda mahakamani likitaka haki itimizwe sasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba haki hiyo ni ya kutekelezwa kidogo kidogo, kadiri uwezo unavyoruhusu. Mwaka 2013 walioandikishwa nje hawakufika 3,000, wote katika nchi jirani za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2022 nchi zilikuwa 12, na walioandikishwa 10,443 kati ya wapiga kura 22,120,458. Ni chini ya mmoja katika kila 2,000. Walipigia kura rais peke yake, na hapo sheria ilikuwa na busara: diwani na mbunge huamua mambo ya barabara na zahanati ya pale pale, kitanda ambacho kweli hawakilalii.

Uchache huo haumaanishi kwamba hawana uzito. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aliepuka duru ya pili kwa asilimia 50.07, na kura zilizomvusha juu ya nusu hazikufika 10,000. Wazanzibari hawahitaji kufundishwa hesabu za aina hii. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa kura moja tu, na kiti hicho kikaingia katika msukosuko wa mwaka mzima. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar dhidi ya Seif Sharif Hamad kwa asilimia 50.2 kwa 49.8.

Tanzania bado haijafungua kituo hata kimoja nje ya mipaka yake. Agosti 2022 Mkenya anayeishi Dar es Salaam aliweza kumchagua rais wake bila kuvuka mpaka; Mtanzania anayeishi Nairobi hana njia hiyo. Msimamo huo una historia yake. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika likijadili nani atakuwa raia wa nchi inayozaliwa, Julius Nyerere alikataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Kipimo kiwe utii kwa nchi. Kutoka hapo taifa likashika kwamba utii haugawanyiki, na uraia wa nchi mbili ukabaki marufuku. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine. Hadhi hiyo inagusa mambo kama makazi na ardhi, kura haimo.

Huo ni mpaka unaoeleweka, hata kama unauma. Unawauma hasa wazee wa Muscat walioondoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, wanaoongea Kiswahili cha Mji Mkongwe mpaka leo na kupika pilau kama ilivyopikwa katika mtaa wa Malindi. Mapenzi yao hayana shaka, na baadhi yao waliondoka kwa machungu wasiyoyachagua. Lakini wengi ni raia wa Oman, wana Majlisi ya Shura wanayoipigia kura, na watoto wao wameshakuwa mustautini wa huko. Kwa kipimo cha makala haya, hawana dai la kumchagua rais wa Zanzibar. Kijana wa Pemba anayelinda mlango wa duka Dubai kwa pasipoti ya Tanzania ni mtu mwingine kabisa. Falme za Kiarabu hazitamhesabu. Zanzibar, inayomtaka mpiga kura awe ameishi jimboni kwa muda wa miezi 36, nayo haimhesabu. Hajabadili bendera wala hajaapa kwingine. Utii aliouzungumzia Nyerere anao mzima. Amekosa kura kwa sababu amekwenda kutafuta ada ya shule ya wadogo zake.

Kumhesabu kijana huyo kuna gharama. Kituo cha nje kinahitaji maofisa, karatasi, usafiri, na mawakala wa vyama vyote, si wa chama chenye fedha tu, la sivyo sanduku lililoko mbali na macho ya watu litazaa ugomvi kuliko haki. Mahakama ya Juu ya Kenya haikukosea iliposema uwezo una mipaka. Swali ni uwezo huo mdogo utumike kwa nani kwanza, na katika orodha ya mwaka 2022 zilikuwemo Uingereza, Marekani, Kanada na Ujerumani. Qatar na Falme za Kiarabu zilikuwemo pia, na hiyo ilikuwa hatua ya maana. Saudi Arabia haikuwemo.

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022, foleni zilipangwa kwenye balozi za Kenya kutoka Doha hadi London. Riyadh na Jeddah, kwenye makumi ya maelfu ya Wakenya walioajiriwa majumbani, hapakuwa na sanduku. Na hata lingekuwepo, wako ambao wasingelifikia. Wafanyakazi wengi wa nyumbani hawatoki bila ruhusa, na pasipoti zao, zilizopigwa chapa ya nembo ya Jamhuri kwenye jalada, zimefungiwa ndani ya kabati la mwajiri.